Uji wa Viungo, Dawa ya Viungo

Ulikuwa mwaka ule mto ulipobeba daraja. La, si mwaka ule. Daraja lingekuwa limekwenda na maji, dobi angevuka vipi kwenda kwa Bibi Mizizi? Basi ulikuwa mwaka wa kabla yake, mwaka sabuni ya mche ilipoadimika hata watu wakakumbuka kufulia majivu. Ndiyo, huo. Maana siku mke wa dobi alipoanza kuona yale aliyoyaona, kitu cha kwanza alichokilaumu kilikuwa sabuni.

Dobi mwenyewe watu walimwita Itakuwaje. Jina alilopewa na wazazi wake alikuwa nalo, lakini lilishachakaa kwa kukaa bila kutumika. Mawingu yakikusanyika alisimama mlangoni akauliza, "Itakuwaje ikinyesha?" Jua likiwaka sana, "Itakuwaje rangi zikipauka?" Mteja akichelewa kufuata suruali yake, dobi hakulala vizuri. "Itakuwaje kama amekufa?"

"Akifa tutampelekea," mkewe alimjibu huku akikata uzi kwa meno. "Azikwe amenyooka."

Wengine waliicheka hofu ile, lakini ndiyo iliyomlisha. Baba yake mdogo, aliyemfundisha kazi, alimwambia tangu siku ya kwanza kwamba nguo ya mtu si yako, na ukishaiunguza huwezi kuirudisha kwenye pamba. Basi Itakuwaje aliishika pasi ya makaa kama mtu aliyeshika mtoto mwenye homa. Aligusisha kidole chenye mate chini ya pasi, akasikiliza ule mlio, akaipitisha kwanza kwenye kitambaa cha zamani, ndipo akaligusa shati la mteja. Katika maisha yake yote aliunguza nguo mbili tu, na zote mbili aliziota hadi uzeeni.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi, na nyuma yake ua wa kamba. Mkewe waliyemwita Bi Vifungo ndiye aliyekuwa jicho la duka. Kushona vifungo ilikuwa kazi ya mikono yake tu, sifa yake hasa ilikuwa weupe. Akisimama mlangoni aliweza kukuambia shuka ya tatu kwenye kamba haikusuuzwa vizuri pindoni. Na ile bluu ya kufulia, ambayo ukitia kidogo nguo inabaki na uchovu na ukizidisha inageuka anga, yeye aliitia kwa vidole bila kupima, na nguo nyeupe ikatoka nyeupe mpaka inamkonyeza mwenyewe.

Kisha vidole vikaanza kuvimba.

Vilivimba kwenye maungo, vikapinda, vikawa kama vipande vya tangawizi. Nyumbani waliuita tu ugonjwa wa vidole. Haukuwa mgeni katika ukoo. Mama yake Bi Vifungo alikuwa nao, akanywa unga wa mzizi kutoka kwa Bibi Mizizi, muuza dawa za miti shamba ng'ambo ya mto, miaka na miaka, na alipokufa alikufa kwa uzee mtupu. Kwa hiyo binti naye akaanza. Alifanya kama alivyomwona mama yake akifanya: kijiko kidogo baada ya chakula cha mchana, na chakula chenyewe kilikuwa bamia. Mama yule alikula bamia kama wengine wanavyovuta pumzi. Vidole vya binti havikunyooka, lakini viliacha kulia usiku.

Majira ya baridi yalipoingia, kushika mwiko kukamshinda. Itakuwaje akaingia jikoni.

Alikuwa mpishi mwenye bidii na mwenye chuki moja tu. Bamia hakuziweza. "Chakula gani hicho," alisema, "unakimeza na bado kinakufuata kwenye kidevu?" Basi bamia zikahama nyumba ile bila kuagwa. Bi Vifungo hakulalamika. Mtu aliyepikiwa na mume wake baada ya miaka yote ile angeanzia wapi kulalamika?

Pakiti ya unga ilipokwisha, dobi alivuka daraja mwenyewe. Bibi Mizizi alikuwa na kibanda pembeni ya karakana ya fundi wa kuchomelea, na siku hiyo fundi alikuwa anagonga bati la lori. Bibi alikuwa kikongwe mwembamba, mwenye sauti ndogo na haraka kubwa. Alimpa dobi pakiti mbili, moja ya kifua chake mwenyewe kilichojaa moshi wa makaa, na nyingine ya mkewe.

"Hii ya kifua, chemsha," alisema. Ngwa! likalia bati. "Na hii atie kwenye uji—" ngwa! ngwa! "—ya viungo, usije ukasahau!"

"Sisahau, bibi," akasema dobi, na kweli hakusahau. Njia nzima alirudia moyoni asije akakosea: atie kwenye uji wa viungo, uji wa viungo.

Kesho yake asubuhi na mapema akatwanga. Alitwanga pilipili manga mpaka majirani wakapiga chafya, akatia tangawizi, akatia karafuu. Akapika uji mwepesi ushuke haraka, akakoroga na ule unga wa mzizi, akampelekea mkewe kabla hajatia kitu kingine tumboni. Kama dawa inataka viungo, alijisemea, basi haitavikosa kwangu.

Haukupita muda mrefu, Bi Vifungo akasimama uani ameshika pindo la shuka.

"Mume wangu, umeziunguza."

"Nimeunguza nini?" Moyo wa dobi ukashuka hadi kwenye kandambili.

"Shuka. Tazama. Zote zina umanjano."

Alizitazama. Akaziinua juani, akazigeuza, akazinusa. Zilikuwa nyeupe. Akaogopa. Kama shuka ni nyeupe, basi macho ya mkewe yana kasoro. Kama si macho ya mkewe, basi ni yake mwenyewe, na dobi asiyeona alama ya moto itakuwaje?

"Ni sabuni hii ya siku hizi," akasema Bi Vifungo, na akaongeza bluu.

Akaiongeza tena kesho yake. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu mpole asiyekosa neno, alirudi dukani ameshika shati lake kwa ncha za vidole. "Dobi," alisema, "nilikuletea shati, umenirudishia mbingu. Nilipoingia darasani watoto wakaanza kutafuta ndege."

Watu waliokuwa dukani walicheka. Dobi pia alicheka, kwa midomo tu. Nyuma ya pazia mkewe alikuwa amekaa juu ya furushi la nguo chafu na hakucheka kabisa, yeye ambaye kwa kawaida angeanza kabla mzaha haujaisha.

"Chakula kinanichefua," alimwambia jioni.

"Hata uji?"

"Uji naunywa. Ni dawa."

Akawaza, huyu amekosa hamu. Na mtu aliyekosa hamu dawa yake ni nini, kama si kitu cha kuchangamsha ulimi? Akazidisha pilipili manga. Kila alivyopungua mkewe, dobi alizidisha. Asubuhi moja, wakati wa kuanika, Bi Vifungo akaketi chini ghafla katikati ya kamba, shuka mbichi imemfunika mabega. Dobi alimshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilivyozoea kupima joto la chuma vikasikiliza mapigo. Yalipiga, yakasimama kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema, yakapiga tena.

"Itakuwaje?" alisema, na safari hii hakuna aliyemjibu kwa mzaha.

Hospitali ilikuwa juu ya kilima kidogo, ina ukumbi mrefu wenye mabenchi. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, hana makeke. Alimsikiliza Bi Vifungo moyo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda dobi.

"Kuna dawa yoyote mama anayotumia? Hata za miti shamba, msinifiche."

Bi Vifungo alimfinya mumewe paja. Walikuwa wamewahi kumwona muuguzi mmoja pale akimgombeza mzee mbele ya watu wote kwa ajili ya chupa ya majani, na Bi Vifungo alikuwa mtu wa heshima zake.

"Hapana," akasema dobi.



Wakamlaza. Na kwa kuwa dobi alikuwa mume mwema, na kwa kuwa mama mkwe alizeeka na mzizi ule ule, kila asubuhi alipanda kilima na chupa ya chai iliyojaa uji wa viungo. Kila alfajiri wauguzi walisema mgonjwa ana nafuu kidogo. Kila adhuhuri walimkuta ameteleza tena. Daktari alipita na kurudi akikunja uso. Dobi alimwona akikunja uso, na yeye naye akaukunja wake.

Aliyekaa na mgonjwa mchana ni dada yake, shemeji wa dobi, muuza mkaa, mwanamke mwenye ulimi ambao ungeweza kukata kitambaa bila mkasi. Akafungua kifuniko cha chupa, akanusa.

"Shemeji, huu ni uji au ni karamu?"

"Ni wa viungo. Wa dawa." Alilishusha lile neno la mwisho kwa mnong'ono.

"Mm. Mdogo wangu alikula bamia tangu ameota meno, hakuugua hata mafua. Umeshika mwiko wewe, yuko kitandani."

"Shemeji, jamani."

"Sijasema kitu. Nimehesabu tu mambo yalivyofuatana."

Alisema kwa kumchokoza, kwa kuwa ndivyo walivyozoeana. Hakujua alichokuwa amekishika. Dobi alitoka nje, akaegemea ukuta. Hofu nyingi zilimpitia maishani, lakini zote zilikuwa za mvua, moto na wateja. Hii ilikuwa na sura yake mwenyewe. Itakuwaje kama ni mimi?

Unga ulikuwa umebaki chini ya pakiti. Akajiambia anakwenda kununua mwingine, lakini miguu yake ilijua kwamba anakwenda kuuliza. Akavuka daraja. Safari hii karakana ilikuwa imefungwa, na kibanda kilikuwa kimya kiasi cha kusikia mizizi ikikauka.

"Karibu, mwanangu. Mkeo hajambo?"

"Yuko hospitali, bibi. Moyo unasahausahau. Kabla ya hapo aliona nguo zote za manjano."

Bibi Mizizi aliacha kufunga kifurushi. "Manjano?"

"Manjano. Mpaka akamtia mwalimu mkuu bluu."

"Ulimpa kijiko kikubwa?"

"Kidogo. Kile kile cha siku zote."

"Kwenye nini?"

"Kwenye uji wa viungo. Kama ulivyosema."

"Nani kasema?"

"Wewe, bibi. Ulisema atie kwenye uji wa viungo, nisije nikasahau. Nimetia pilipili manga safi kabisa, na tangawizi, na—"

Bibi aliinua mkono. Midomo yake ilitetemeka, na mwanzoni dobi alidhani anataka kucheka. Kisha akaona si kicheko.

"Mwanangu, nilisema *ya* viungo. Ya! Hiyo ya kifua, hii ya viungo. Viungo vya mwili! Vidole, magoti! Uji unasemwa *wa*, dawa inasemwa *ya*. Hukukaa shule hata kidogo?"

"Nilikaa, bibi. Lakini fundi alikuwa anagonga."

Wote wawili wakageuka kuitazama karakana iliyofungwa, kana kwamba fundi angetoka ajibu.

"Mzizi huu na pilipili manga havikai chungu kimoja," alisema bibi polepole. "Hivyo ndivyo nilivyoambiwa na aliyenifundisha. Kwa nini, sikuuliza. Na sikukwambia wewe, kwa sababu sikuwahi kuona mtu anayetia pilipili kwenye dawa ya vidole." Akachukua mzizi mzima, mweusi, wenye nywele kama buibui, akaufunga kwenye kitambaa. "Mpe daktari. Usimpe unga, mpe huu, auone ulivyo. Akiuliza umetoka wapi, sema kwangu. Nenda, mbona umesimama?"

Dobi alienda. Umri wake haukuwa wa kukimbia na daraja halikuwa la kukimbiliwa, lakini alikimbia, kitambaa mkononi, akifikiria chupa ya chai aliyoiacha asubuhi kando ya kitanda. Shemeji angekuwa amempa sasa. Huyo hakuwa mtu wa kuacha mgonjwa na njaa. Angekuwa amemwinua kichwa, akapuliza kijiko.

Alipoingia wodini, mkewe alikuwa ameketi, mto mgongoni. Chupa ilikuwa wazi mezani. Dobi akachungulia ndani. Tupu.

Akashika chuma cha kitanda.

"Usinikasirikie," alisema Bi Vifungo.

"Umekunywa wote?"

"Tulia kwanza. Nilitaka kukwambia, nikaona umechoka na kupanda kilima..." Akatazama pembeni. "Jana niliumwaga. Na leo pia. Dada ameumwaga kwenye maua pale dirishani. Mume wangu, unajua nakupenda, lakini viungo vyako! Mtu anakunywa uji au anameza jiko?"

"Maua yenyewe tunayaangalia yasije yakafa," alidakia shemeji.

Dobi aliketi sakafuni, pale pale, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakutaka kukaa upande wa kicheko. Mkewe aliinua mkono wake uliopinda akauweka kichwani pake. "Itakuwaje wewe," alisema. "Nini tena?"

Dobi alinyanyuka akaenda kumtafuta daktari, na akayasema yote akiwa amesimama: mzizi, kijiko, bamia zilizohama, pilipili manga, lile bati, *ya* na *wa*, na ule uongo wa benchini. Alipomaliza alingoja kugombezwa mbele za watu. Alitamani kidogo kugombezwa.

Daktari hakugomba. Aliufungua mzizi, akaunusa. "Nilikuwa nimeandaa sindano ya mchana huu," alisema mwisho. "Kwa moyo wenye sumu ya namna hii, sindano ile ingeweza kuusimamisha kabisa." Akaivua miwani yake, akaivaa tena. "Nimeona tangu jana mapigo yanatulia, nikashindwa kujua nimefanya nini. Kumbe sijafanya kitu."

Akamweleza. Si kwamba alijua yote, na hilo alilisema kwanza. Alisema utumbo una milango, na milango ina mabawabu. Mimea mingine ina sumu ndani ya uponyaji wake, na bawabu mzuri akiiona huirudisha nje sehemu kubwa, inayopita ni kidogo. Pilipili manga ina kitu kinachomshughulisha bawabu, akageuza kichwa, na kile kijiko kidogo kikaingia mwilini kama kijiko kikubwa. Uji mwepesi, tumbo tupu, navyo vikaufungua mlango zaidi.

"Na bamia?" aliuliza dobi.

"Ule utelezi huenda unashikashika vitu vingine tumboni, visipite haraka. Huenda. Kwa mzizi huu sijui kama kuna aliyewahi kupima."

Umanjano ulichukua siku zake kuondoka, kama mgeni anayeaga mlangoni asiondoke. Bi Vifungo aliporudi nyumbani hakwenda kitandani wala jikoni, alikwenda uani. Alisimama mlangoni akatazama kamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Dobi alikuwa nyuma yake, hapumui.

"Hilo shati la mwalimu mkuu," alisema Bi Vifungo.

"Lina nini?"

"Ni la bluu, masikini! Mlimwacha mtu wa watu atembee hivi?"

Mzizi hakuugusa tena, na vidole vyake havikunyooka tena. Daktari alimpa vidonge, vikasaidia siku nyingine na siku nyingine visisaidie. Vifungo vikawa kazi ya dobi, akijichoma sindano na kuuliza itakuwaje damu ikigusa kola, na mkewe akawa anaelekeza kutoka kwenye kiti chake. Jikoni walipatana: pilipili manga ikapandishwa kabatini juu, bamia zikarudi. Dobi naye akazila, akijifuta kidevu. Kila mteja aliyemsikia akitaja mganga alimshika mkono na kumwambia asimfiche daktari, na watu wakaona Itakuwaje amepata wasiwasi mpya.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuweza kulilaza. Mama mkwe wake alimeza sumu ile miaka yote, kila siku baada ya sahani ya bamia, na haikumdhuru. Dobi aliliuliza jambo hilo hospitali, daktari akatabasamu akaitwa kwingine. Alimwuliza Bibi Mizizi, naye akasema marehemu alikuwa mteja mzuri. Alimwuliza shemeji, akaambiwa mama hakuwa mtu wa kuulizwaulizwa. Alimwuliza mkewe jioni moja, pasi imepoa mezani na shuka zimekunjwa. Bi Vifungo alitazama uani, kisha akasema vitunguu vimekwisha.

Mama yule alikuwa akijua, au alikuwa anapenda bamia tu?